Dakika Arobaini na Mbili Hadi kwa Mama

Jumatano, 6 Juni

Kaka amepiga simu saa nne asubuhi, wakati nampima uzito mwalimu mmoja na kuku wake wawili. Kwenye kiwanja chetu cha ndege kila abiria hupanda mizani, yeye na mzigo wake, na karani wa mizani ni mimi. Miaka kumi na moja sasa. Hakuna tumbo katika mji huu nisilolijua kwa kilo.

Kasema hali ya Mama si nzuri. Daktari amewaambia moyo umechoka, wasimwache peke yake. Hali chakula, na kila akiamka ananiulizia mimi. Njoo umwone, mdogo wangu, kasema, usingoje kuitwa mara ya pili.

Nikamwambia nakuja. Kitu gani kinizuie? Kutoka hapa hadi kiwanja cha kwao ni kilomita mia moja themanini na saba, mstari ulionyooka. Dakika arobaini na mbili hewani. Nimeiandika hesabu hiyo kwa chaki kwenye ubao wa abiria, kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa barabara ni siku mbili, unauzunguka mlima wote, na mvua ikinyesha hufiki. Lakini mimi ni mtu wa kiwanja. Ndege ya kule huenda Jumanne na Ijumaa, na kiti kikibaki kitupu mfanyakazi ana haki ya kukikalia.

Miaka mitatu sijaenda. Naandika ukweli, hii ni shajara yangu. Mara ya mwisho Kaka alinipokea mbele ya majirani, akanitazama mikono, akasema huyu ndege nzima iko chini yake na bado kaja mikono mitupu. Watu wakacheka. Mama naye akacheka, kidogo. Siku hiyo niliapa sitakanyaga tena pale bila kitu cha kumfunga Kaka mdomo. Tangu hapo yeye kamjengea Mama baraza, na kamnunulia godoro nene hata inabidi apande kibao kulifikia. Mimi nimetuma blanketi na saa ya ukutani. Nasikia saa imesimama.

Leo nimepata wazo. Nitampelekea kiti.

Alhamisi, 7 Juni

Nimekwenda kwa fundi seremala kabla ya kazi. Nimemwelezea kiti chenyewe: mgongo unaoinama, mikono mipana ya kuwekea kikombe, pa kunyooshea miguu. Mbao ngumu. Fundi kauliza mgonjwa ana uzito gani. Nikamwambia halimhusu. Kasema kwa mama mzee mbao nyepesi zingetosha. Nikasema mbao nyepesi ni za watu wepesi. Fundi kalitazama tumbo langu, kisha kachukua kipimo chake.

Mke wangu haelewi. Kasema kesho ndege ina viti viwili vitupu, umesema mwenyewe, panda ukamwone mama. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Kanijibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Huwezi kumshinda huyu kwa methali, kwao walikuwa wakila nazo.

Nimelala mchana nusu saa. Nimemwona Kaka ndotoni, amesimama mbele ya kiti, hana la kusema.

Ijumaa, 8 Juni

Ndege imeondoka saa tatu na nusu na viti vyake viwili vitupu. Nilisimama nikaitazama ikipinda kando ya mlima. Ningekuwa ndani. Lakini rangi ya kiti bado mbichi, na mtu haendi kwao na kiti kibichi.

Saa nne na robo nikaitwa kwenye redio na Arobaini na Tano. Ni karani mwenzangu wa kule. Kaanza kazi miaka miwili iliyopita, hatujawahi kuonana, naijua sauti yake tu. Nimempa jina hilo kwa sababu kwenye ubao wake ameandika kwamba safari ni dakika arobaini na tano. Wangu unasema arobaini na mbili. Abiria huuliza nani mwongo. Yeye hushikilia kwamba ndege ikienda kwao hukutana na upepo wa mbele. Mimi humwambia upepo huja na kuondoka, kilomita ziko palepale. Miaka miwili tunagombana kwa dakika tatu.

Leo katangaza ndege imetua, dakika arobaini na tano, kaitamka polepole ili iniume. Kisha kabadilisha sauti. Kasema kuna mama mzee mgonjwa kaletwa na mwanawe kwa baiskeli, kakaa kwenye benchi la abiria, kafunga kitambaa kipya kichwani. Kila mtu aliyeshuka kamtazama usoni. Mwisho kauliza kama karani wa mizani yumo. Alipoambiwa hayumo kasema labda amelala ndani, wamwangalie vizuri. Kangoja hapo mpaka ndege ilipogeuka kurudi.

Nikasema mwambie Jumanne. Kanikumbusha redio ni ya mambo ya ndege, si ya familia, kisha kasema atamwambia.

Jumamosi, 9 Juni

Kiti kimekauka. Ni kizuri mpaka nimeogopa kukikalia. Nimekipeleka kiwanjani na kukipandisha mizani: kilo arobaini na moja.

Sasa hesabu. Jumanne ndege ina abiria wanane, kimebaki kiti kimoja, na uzito uliobaki ni kilo mia moja na nne. Mimi nina tisini na nne. Pamoja na kiti tunakuwa mia moja thelathini na tano. Tumezidi kilo thelathini na moja. Mkuu wa kiwanja hana huruma na kilo, wala rubani hana, kwa sababu njia ya kutua ya kule ni fupi na mwisho wake kuna korongo.

Kiti hakiwezi kupungua, fundi keshakigongomea. Basi nitapungua mimi. Siku tatu, kilo thelathini na moja. Ni kilo kumi kwa siku, na ile moja nitaivua pamoja na viatu.

Jumapili, 10 Juni

Asubuhi uji mwembamba bila sukari. Mchana maji. Saa kumi nimekwenda kiwanjani nikajipima: tisini na nne. Nimevua viatu na mkanda: tisini na tatu. Huenda mizani ina kinyongo na mimi, nimeisingizia mambo mengi miaka hii.

Nimempigia Mama. Sauti yake imekuwa nyembamba, ilibidi nizibe sikio la pili nimsikie. Kasema wamemweka karibu na mlango ili asikie ndege. Kauliza kama bado nakoroma. Kauliza kama nguo za kazini nafua mwenyewe au namtesa mtoto wa watu. Nikamwambia nina kitu nakuletea, hujawahi kukaa juu ya kitu kama hicho. Kasema hana haja ya kitu, mwanangu, njoo hivyohivyo. Kairudia mara mbili. Wazazi ndivyo wasemavyo. Ukileta, wanafurahi.

Baada ya simu nilikaa jikoni muda mrefu. Nilikuwa na hamu naye. Mke wangu kaniwekea sahani ya wali na sikuisukuma.

Jumatatu, 11 Juni

Nimepata njia bora. Kama mimi sipungui, mizigo ya wengine itapungua. Nimeandika tangazo kwa herufi kubwa: kuanzia kesho kila abiria mwisho kilo nane za mzigo, kwa usalama wenu. Nimelibandika mlangoni saa mbili. Nilijisikia mtu mkubwa.

Saa tano kaja mama mshonaji, abiria wa kesho, kuulizia kuhusu cherehani yake ya kilo kumi na tisa. Nikamwonyesha tangazo. Kauliza cherehani ataikata wapi ibaki nane. Nikamshauri apeleke kichwa Jumanne na mguu Ijumaa. Kaniangalia kama anayetafuta pa kunishona, kisha kaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kiwanja.

Mkuu kanibandulisha tangazo mbele ya watu. Kasema kazi yangu ni kuisoma mizani, si kuiamrisha. Kasema pia kwamba nikiweka tena kitu cha binafsi mbele ya abiria, nitatafuta kiwanja kingine. Nimemwomba mshonaji radhi. Kasamehe, kwa sharti kwamba cherehani niibebe mimi.

Kwa hiyo mambo ni yaleyale. Kiti kimoja, kilo mia moja na nne.

Jumanne, 12 Juni

Rubani kakipima kiti kwa macho, kanipima na mimi, katikisa kichwa. Kasema mmoja wenu. Panda wewe leo, kiti kitakuja Ijumaa. Nikasema Ijumaa ndege imejaa. Kasema basi Jumanne ijayo, kiti hakina homa. Kairudia, na mara ya pili kaniita mzee wangu, kwa upole kabisa.

Nilisimama pale na mkoba wangu begani. Nilikuwa nimeshanyoa, nimevaa shati jeupe. Nikamfikiria Mama kwenye benchi. Halafu nikamfikiria Kaka akinitazama mikono. Nikasema kipande kiti.

Hapo kukawa na tatizo. Mzigo mkubwa hauruhusiwi kukalia kiti cha abiria. Kilichobaki kilikuwa kiti cha mfanyakazi, na kila kiti chenye kitu lazima kiwe na jina kwenye orodha ya abiria. Nikaandika langu. Jina langu, kazi yangu, na mbele yake kilo arobaini na moja, kwa sababu kwenye uzito sidanganyi, ndege inaweza kuanguka. Nikakifunga mkanda mwenyewe, kando ya mshonaji na cherehani yake.

Kabla ndege haijaruka sheria inanitaka nimsomee mwenzangu orodha kwenye redio. Nikasoma majina manane na kilo zake, nikasoma na la tisa. Arobaini na Tano kashtuka. Kauliza kumbe umekonda hivyo? Mkuu wa kiwanja alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma ubao. Ningesema ni kiti, ningefukuzwa papo hapo. Nikamjibu ndiyo, nimekonda. Nikafunga redio.

Nimekula chakula cha mchana vizuri. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye uso wa Kaka.

Jumatano, 13 Juni

Kaka kapiga simu leo. Jana, kasema, hakuweza.

Arobaini na Tano alifurahi kwa ajili yetu. Baada ya kuzungumza nami alitoka nje mbio mpaka kwenye benchi, akamwambia Mama mwanao yumo, nimelisikia jina lake kwa masikio yangu. Mama akasimama. Siku tano alikuwa hajasimama bila kushikwa. Akaomba kitana, akamwambia Kaka amtengenezee kitambaa kisikae upande. Akauliza dakika ngapi zimebaki, na Arobaini na Tano akawa anamhesabia.

Ndege ikafungua mlango. Mama akawahesabu wanaoshuka. Wanane. Akasema wa tisa ndiye. Rubani akashuka na kiti.

Nikangoja Kaka acheke au anitukane. Hakufanya lolote. Kasema Mama alikaa kwenye hicho kiti palepale kiwanjani, kwa sababu miguu ilimwishia, akaipapasa mikono ya kiti huku na huku. Akasema kiti ni kizuri, mwambieni na yeye aje akikalie.

Nikauliza mbao amezionaje. Sijui kwa nini niliuliza. Kaka kasema nyumba imefurika wageni, tutazungumza.

Nimejifungia chumba cha mizigo nimelia. Nimelia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Ijumaa nakwenda hata nikikaa juu ya bawa.

Alhamisi, 14 Juni

Mama amefariki leo alfajiri.

Kaka kaniambia kwa maneno machache. Hakuteseka. Alikuwa ameulizia kama leo ni siku ya ndege, wakamwambia bado kesho, akasema sawa.

Nimeuliza alikuwa kwenye kiti au kwenye godoro. Kwenye godoro. Hata leo niliuliza hilo. Naona haya, naandika ili haya iongezeke.

Mke wangu kanifungia mkoba. Hakusema methali yoyote.

Ijumaa, 15 Juni

Ndege ilikuwa imejaa. Muuza vitabu mmoja kasikia habari, kajishusha mwenyewe, kasema vitabu vyake vinaweza kungoja. Rubani kasema nisijipime. Nikajipima hata hivyo, tisini na tano, na nikaandika.

Sikuwa nimekaa ndani ya ndege hiyo miaka mitatu. Nimeipakia mara mia tatu. Mlima kwa juu ni mdogo, ukiufunika kwa mkono umekwisha. Mikono yangu ilikuwa mapajani, mitupu. Niliitazama saa tangu magurudumu yalipoacha ardhi. Nilitaka safari iwe hata ya saa tatu, hata ya kutwa, ili iwepo sababu. Ndege ikatua kwa dakika arobaini na tano.

Kumbe mwenzangu ni kijana mwembamba mwenye masikio makubwa. Kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kasema nimsamehe, asingemwambia mama kabla ya kuona. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikamwambia safari imechukua arobaini na nne na nusu.

Mchana tumemzika Mama. Walikuwa wameingoja ndege.

Jumatatu, 18 Juni

Wageni wamepungua. Jioni tumekaa barazani, Kaka kwenye mkeka na mimi kwenye mkeka. Kiti kipo katikati yetu na hakuna aliyekikalia.

Kaka kasema amekuwa na jambo moyoni. Ule utani wa mikono mitupu, siku ile, alitaka tu kuwachekesha watu. Mama alimgombeza wiki mbili. Kicheko cha Mama kilikuwa cha furaha, kwa sababu nilikuwa nimefika na nilikuwa nimenenepa, akajua naishi vizuri. Kasema godoro na baraza alivifanya kwa sababu ndivyo alivyoweza, hakuwa anashindana na mtu. Hakujua kuna mashindano.

Nililia nikamshika bega. Kasema sasa tumebaki wawili, hatuna mkubwa mwingine. Shemeji yako anapika, kasema, wewe njoo tu. Mara moja kwa mwezi, Ijumaa, tukae hapa tuongee, usilete kitu. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wangu wote, na nilikuwa na nia.

Baadaye kanipeleka kaburini. Kaweka kibao cha saruji, kidogo, na jina la Mama kalichora kwa msumari wakati saruji bado mbichi. Herufi ya mwisho imebanwa, nafasi ilimwishia. Nimekitazama sana kile kibao.

Alhamisi, 5 Julai

Jiwe la kaburi nililoagiza limekamilika. Jeusi, linang'aa mpaka unajiona uso. Jina la Mama lote, herufi zimepumua, na chini yake maua mawili ya kuchongwa. Mchongaji kasema hajawahi kutoa kazi kama hii. Watu kule watasimama kulitazama.

Lina kilo tisini na mbili. Ndege ya kesho ina kiti kimoja kitupu, na rubani keshasema kwenye simu lilelile alilosema siku ya kiti, mmoja wenu. Nimelifikiria kwa uzito wake, karibu dakika tano. Kaka yupo, hana moyo mgonjwa, kuzungumza tutazungumza hata mwezi ujao. Lakini kaburi la Mama likibaki na kibao kile watu watasema nini juu yangu?

Nimempigia Kaka. Kabla sijafungua mdomo kasema amefagia uwanja, shemeji amenitandikia chumba cha Mama, na kesho atakuwa kiwanjani tangu asubuhi kunipokea. Nikamwambia aje na wanaume wanne wenye nguvu. Kauliza wa nini, kwani tumbo limekua kiasi hicho? Kacheka. Kacheka sana, mara ya kwanza tangu tumzike Mama, kasema atawaleta hao wanne na mbele atanishika yeye mwenyewe.

Sikutaka kumharibia furaha.